Shajara ya Meza ya Fundi, Ngamiani

Jumatatu

Mama mwenye steshenari ya Barabara ya Nane amefika kabla sijamaliza kufungua duka. Kompyuta ameipakata mwenyewe ndani ya bajaji, ameifunika khanga kwa ajili ya mvua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Imekufa."

Ameketi kwenye benchi na kutaka niichomeke mbele ya macho yake. Nimeichomeka. Feni inazunguka, kioo kimebaki cheusi, na taa ya swichi inawaka rangi ya chungwa mara mbili, inatulia, inawaka nyeupe mara mbili, kisha inarudia. Ni Dell ya mezani. Kwa Dell za kizazi chake, mbili kwa mbili maana yake mazabodi ina hitilafu, na mara nyingi hitilafu yenyewe ni bayosi iliyoharibika au isiyosomeka.

Nimemuuliza ilikuwaje. Jana jioni alipokuwa anafunga aliizima, nayo ikaleta maandishi kwamba inajisasisha, isizimwe. Ule mstari wa maendeleo ulikuwa umefika katikati, umeme wa mtaa mzima ukakatika. "Mimi sikuigusa," amesema, akarudia. Nimemwambia ninajua, na kwamba hana kosa. Nilitaka jambo hilo limwingie kabla hatujaenda mbele, maana watu wengi hufika kwenye meza hii wakiwa wamekwisha kujihukumu.

Nimemweleza hivi. Kwenye mazabodi kuna chipu ndogo yenye miguu minane. Humo inakaa bayosi, programu inayosomwa kabla ya nyingine zote mashine inapowashwa. Ndiyo inayoamsha ramu, kibodi na kioo, kisha inaikabidhi Windows kazi. Chipu ya aina hii haiandikwi juu ya maandishi ya zamani. Inafutwa kwanza, kipande kwa kipande, ndipo kipande kilichofutwa kiandikwe upya. Umeme ukikatika baina ya kufuta na kuandika, kipande hicho kinabaki kitupu, na mashine ikiamka haikuti maagizo ya kuiongoza. Diski yake haijaguswa. Fomu za watu, barua, picha za pasipoti, vyote vipo.

Aliposikia kuhusu diski ndipo mabega yake yaliposhuka. Kumbe hakuwa na hofu ya kompyuta. Vijana wanaoomba ajira wanaskani vyeti vyao kwake, na dirisha la maombi linafungwa Ijumaa.

Dell wameacha njia ya kuokolea, na ninawashukuru kwa hilo. Unapakua faili la bayosi la mashine ya namna ile ile, unalipa jina BIOS_IMG.rcv, unaliweka kwenye flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32, kisha unabana Ctrl na Esc huku ukirudisha waya wa umeme. Nimepakua kwa bando la simu. Saa tano umeme umekatika. Umerudi saa nane, ukakatika tena kabla sijakaa. UPS yangu, ile akiba ya betri ya umeme ukikatika, imelia kidogo ikanyamaza. Nimepima betri yake: ikitulia inasoma volti 12.6, lakini nikiipa mzigo wa balbu ya gari inaporomoka chini ya 10. Betri hiyo haiwezi kubeba kompyuta ya mezani hadi bayosi imalize kuandikwa. Sikuanza.

Saa kumi Mama amepiga simu. "Mwanangu, umeme si umerudi?" Umerudi, nimemwambia, lakini siuamini, na nikianza ukakatika nitaongeza ubovu juu ya ubovu. Amekaa kimya, kisha akasema, "Haya, wewe ndiye unayejua," kwa sauti ya mtu ambaye hajaridhika. Nimetoa diski, nimenakili maombi yote ya wiki hii kwenye flashi, nimempelekea kwa baiskeli ili aendelee kwa jirani yake hadi kesho.

Jumanne

Nimenunua betri mpya ya UPS, volti 12, saa-ampea 7. Nimeipima kwa mzigo palepale dukani kabla ya kutoa pesa. Muuzaji amechukia kidogo. Nimemvumilia, naye akanivumilia.

Mashine ya Mama imepanda kwenye UPS. Ctrl, Esc, waya. Kioo kimewaka, mstari umeanza kusogea. Kijana ninayemfundisha kazi amekaa mikono mapajani kama nilivyomwagiza. Wakati huo hakuna kugusa kitu mezani, hata kipanya. Mashine imejizima, imejiwasha, nembo imetokea.

Kisha kikaja kioo cha bluu kimeandikwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Kijana amenitazama akidhani diski imekwenda. Haikwenda. Bayosi ikiandikwa upya namna hii, mipangilio yake hurudi ilivyotoka kiwandani, na mashine nyingi za namna hii hutoka zimepangwa kusoma diski kwa njia ya RAID. Windows ya Mama ilipigwa hapa Tanga kwa njia ya AHCI. Inaamka, inaitafuta diski kwa njia iliyozoea, haioni kitu, inasimama. Nimeingia kwa F2, nimerudisha AHCI, nimehifadhi. Windows imefunguka na faili zake zote.

Hapa nataka niandike wazi, kwa sababu kijana atausoma ukurasa huu. Wapo mafundi ambao wakikiona kioo hicho hupiga Windows upya. Wanafuta kila kitu, mteja analipa, anaondoka akiamini hapakuwa na njia nyingine. Miaka ya picha na hesabu za mtu inafutwa kwa ajili ya mstari mmoja kwenye mipangilio. Linaniuma sana jambo hili. Soma mstari wa diski kwanza. Ukishausoma, andika kwenye stika ulivyoukuta, bandika ndani ya kava la mashine, ili fundi atakayekuja baada yako asipapase.

Mama hakuanza na bei. Aliuliza kama itatokea tena. Nimemjibu kwamba inaweza. Laptopu nyingi hukataa kusasisha bayosi kama chaja haijachomekwa au betri imeshuka, maana zinajua akiba zilizonayo. Kompyuta ya mezani haina akiba yoyote na haiulizi. Inaanza tu. Aliyeupanga utaratibu huo aliuwazia kwenye jengo ambalo umeme wake haukatwi na kuti la mnazi lililoangukia nyaya. Sisi Mto Pangani uko mgongoni kwetu, mtambo wa Hale ulijengwa mwaka 1964, ule mpya wa Pangani Falls wa megawati 68 mwaka 1995, lakini umeme wao hupita kwenye nguzo kabla ya kufika mezani, na nguzo zinasimama kwenye upepo na mvua ile ile tunayosimama sisi. Kwa maoni yangu, anayemuuzia mtu wa pwani hii kompyuta ya mezani bila kumtajia UPS amemuuzia nusu ya chombo.

Nimemzimia ruhusa ya bayosi kusasishwa kupitia Windows. Mahali penyewe pamo mle mle kwenye mipangilio ya bayosi. Siku akihitaji kusasisha, ataniita, tutafanya pamoja na UPS ikiwa imejaa.

Jumatano

Mvua tangu alfajiri. Barabarani maji yamefika vifundoni. Bodaboda hazipandi, baiskeli zinasukumwa.

Mteja mmoja tu, dada wa nyumba ya wageni ya Pangani, aliyekuja mjini kwa daladala na laptopu ndani ya mfuko wa nailoni ndani ya mfuko mwingine. Inajizima katikati ya kazi. Jana kioo cha bluu kilisema MEMORY_MANAGEMENT, juzi kilisema kitu kingine, asubuhi hii kingine tena. Kosa likibadilisha jina kila mara, mimi huanza na ramu na umeme, programu nazifuatia baadaye.

Meza yake ya mapokezi inatazama bahari na dirisha liko wazi mchana kutwa. Upepo wa bahari unabeba chembe za chumvi, chumvi inavuta unyevu wa hewani, na unyevu wenye chumvi ukikutana na umeme unakula shaba. Ndani nimekuta ukijani pembeni mwa soketi ya ramu na kwenye skrubu mbili. Nimesafisha kwa spiriti ya isopropili na mswaki laini. Meno ya ramu nimeyapitishia kifutio cheupe cha penseli, polepole, bila kuyagusa kwa vidole. Nimemshauri dada aiweke laptopu upande wa ukuta wa ndani na aizime usiku aifungie kabatini. Amesema mwenye nyumba anataka mgeni akiingia aone kompyuta. Nimemwandikia karatasi ampelekee mwenye nyumba, yenye maelezo ya chumvi na picha niliyoichapa ya ule ukijani.

Usiku nimeiachia Memtest86+ ijaribu ramu. Jaribio la kweli linataka saa nyingi. Usiku wa manane umeme umekatika, na betri ya laptopu hii ilikufa zamani, kwa hiyo jaribio limepotea.

Alhamisi

Jaribio la ramu limeanza upya, sasa kwenye UPS.

Mwalimu wa sekondari moja ya Muheza amekuja na kompyuta ya chumba cha walimu. Malalamiko: "Intaneti ipo lakini tovuti zote zinakataa." Kwenye simu yake tovuti zile zile zinafunguka. Nimetazama pembe ya kioo. Mashine inasema ni Januari 2009.

Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine iliyoko mwaka 2009 inakiona cheti cha leo kuwa hakijaanza kutumika, kwa hiyo inakikataa, na kwa ilivyoelezwa inatenda sawasawa. Kinachotunza saa mashine ikiwa imezimwa ni betri ndogo ya duara, CR2032, ya volti 3. Ya Mwalimu imesoma 1.9. Shuleni kwao umeme huzimwa kwenye swichi kuu kila jioni, kwa hiyo usiku kucha saa inategemea betri hiyo peke yake.

Nimefungua betri mpya kwenye karatasi yake: 2.6. Nyingine ya karatasi hiyo hiyo: 2.5. Betri mpya iliyo nzima inatakiwa kuzidi 3. Nimezirudisha nilikozinunua. Mwenye duka naye alizipokea hivyo hivyo kutoka kwa mtu mwingine, na nyuma ya huyo yuko mwingine. Nimezunguka mjini na mita mfukoni hadi nikapata zinazosoma 3.2. Kwa betri yenye bei ya vitumbua vichache, Mwalimu amepoteza asubuhi nzima na nauli ya kwenda na kurudi, na wanafunzi wake wamekosa mitihani ya majaribio aliyokusudia kuwapakulia.

Alikuwa tayari ameshauriwa na mtu asasishe bayosi. Nimemshukuru kwa kutofuata ushauri huo. Betri kwanza, tarehe kwanza. Bayosi haikuwa na ugonjwa.

Ijumaa

Nusu siku. Kabla ya swala amepita Mzee aliyekuwa karani wa hesabu kwenye mashamba ya mkonge. Huja kusoma gazeti kwenye benchi langu, nami humheshimu kwa kumbukumbu zake. Leo amemsimulia kijana jinsi kompyuta zilivyokuwa kitu cha serikali tu. Ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 ukapigwa marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kijana hakuamini. Mzee hakukasirika. Amemweleza kwamba tulizipokea mashine kabla ya kupata watu wa kuzishughulikia, na kwamba hesabu za mashamba zilirudi kwenye daftari na zikatoka sawa.

Nikaongezea la mwaka 1999. Tarehe 26 Aprili mwaka huo kirusi kiitwacho CIH, kilichoandikwa na mwanafunzi wa Taiwan, kiliamka kwenye kompyuta za nchi nyingi, kikafuta mwanzo wa diski na kuandika takataka ndani ya chipu ya bayosi. Mashine ambazo chipu yake iliwezekana kuandikwa hazikuwaka tena. Baadaye watengenezaji wakaongeza kufuli kwenye chipu, kisha sahihi ya kidijitali ambayo faili jipya lazima liwe nayo.

Mzee akauliza swali ambalo wateja wengi huuliza: kama ni hatari hivi, kwa nini mtu asasishe? Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa, usiposumbuliwa, usiguse. Sasa siwezi kulitoa kwa urahisi. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba baadhi ya vichakato vyao vya kizazi cha 13 na 14 vilikuwa vinapokea volti kubwa kupita kiasi na kuharibika, na tiba waliyoitoa kuanzia Agosti mwaka huo inaingia kwa bayosi mpya. Anayesubiri, kichakato chake kinaendelea kuungua. Windows 10 imeachwa bila matunzo ya kawaida tangu 14 Oktoba 2025, kwa hiyo watu wanaleta mashine ziingie Windows 11, na nyingine hazikubali hadi bayosi yake irekebishwe. Halafu kuna vyeti vya mwaka 2011 vinavyolinda uwashaji wa mashine, ambavyo vinaanza kuisha muda wake Juni 2026, na kwa mashine nyingine njia ya kuviweka vipya ni bayosi. Sababu zipo. Ninachotaka ni fundi aitaje sababu yenyewe kwa mteja kabla ya kuanza. Akiwa hana ya kutaja, afunge kava.

Mzee amekunja gazeti, tumekwenda kuswali.

Jumamosi

Kijana wa ofisi ya uwakala wa mizigo karibu na bandari amekuja anakimbia. Laptopu ya ofisi ilisasishwa bayosi jana na mtu wao. Kazi ilikwenda vizuri, bayosi ni nzima. Lakini sasa kioo cha bluu kinadai ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48, na ndani ya diski zimo nyaraka za kontena linalotakiwa kutolewa Jumatatu asubuhi.

Diski imefungwa kwa siri, na nusu ya kufuli imo kwenye chipu ya usalama iliyo kwenye mazabodi. Chipu hiyo hutazama bayosi kila mashine inapowashwa. Ikiiona imebadilika, haiwezi kujua kama ni mwenye mali aliyesasisha au mwizi aliyechezea, kwa hiyo inakataa kutoa ufunguo na kumwomba mtu athibitishe. Njia nyepesi ilikuwa kuisitisha BitLocker kwa muda kabla ya kusasisha, kisha kuirudisha. Jambo la dakika moja. Nimemwonyesha kijana wa bandari mahali penyewe kwenye mashine yangu ili ajue kwa siku nyingine.

Hakuna fundi anayeweza kuufungua mlango huo bila ufunguo, na anayekwambia anaweza anataka pesa yako. Nimemwambia hivyo kabla hajaketi. Amefunika uso kwa viganja. Nikamuuliza laptopu ilipowashwa mara ya kwanza iliingizwa akaunti ya nani. Ya dada mmoja aliyeacha kazi na kuhamia Dar es Salaam. Basi ufunguo umo kwenye akaunti ya Microsoft ya dada huyo.

Tumempigia. Yuko kwenye shughuli ya harusi, upatu unasikika nyuma. Hapa kwangu mvua imeanza kupiga bati. Ameingia kwenye akaunti yake kwa simu ya mtu mwingine, ameupata, akaanza kuusoma huku kijana akirudia kwa sauti na mimi nikiandika. Sita na tisa hazikutofautika hata kidogo kwenye mvua ile. Tukakubaliana tisa aiite "kumi kasoro moja".

Tarakimu 48 hizo zimegawanywa mafungu manane ya tarakimu sita sita, na kila fungu linagawanyika kwa 11 bila kubaki. Ndiyo maana mashine inakataa fungu lililokosewa palepale, kabla hujafika mwisho. Fungu la tano limekataa. Nimelihesabu kwenye karatasi, imebaki 3, kwa hiyo kweli tulilisikia vibaya. Dada amelisoma tena akiwa amejifungia chooni penye utulivu. Limekubali. La mwisho likakubali. Windows ikafunguka.

Nyaraka za kontena zimenakiliwa kwanza kabla ya chochote. Kisha ufunguo nimeuchapa karatasi mbili, moja kwenye kabati la chuma la ofisi yao, moja kwa mkurugenzi wao. Kwangu sikubaki nao. Dada wa Dar ametumiwa salamu nyingi, na kijana ameahidi kumpelekea machungwa ya Muheza.

Jaribio la ramu ya laptopu ya Pangani limemaliza bila kosa. Ilikuwa chumvi.

Jumapili

Nimefungua duka kwa ajili ya zahanati moja ya upande wa Mkinga, ukielekea Horohoro. Wana kompyuta mbili za namna moja, ya mapokezi na ya dirisha la dawa. Ya dawa iligoma kuwaka miezi iliyopita, fundi mwingine akaifufua, na tangu hapo mtandao wao unaugua. Mapokezi wakiwasha, dawa inatoka. Dawa wakirudi, mapokezi wanatoka. Wamebadilisha kebo, wamebadilisha kigawio cha mtandao, wamegombana wao kwa wao. Muuguzi aliyeileta amesema wagonjwa wanasubiri kwenye veranda huku yeye na mwenzake wakipokezana kuzima mashine.

Nimeiwasha, nikaingia kwenye ukurasa wa taarifa. Namba ya mashine iliyoandikwa ndani si ile iliyo kwenye stika ya nyuma. Nimemwomba apige simu zahanati wamsomee stika ya mashine ya mapokezi. Ndiyo hiyo hiyo.

Fundi yule alisoma chipu ya mapokezi, akaimwaga yote ndani ya chipu ya dawa. Mashine ikawaka, akaondoka. Lakini chipu haina bayosi peke yake. Humo mna namba ya mashine, mna leseni ya Windows iliyokuja nayo, na kwenye mazabodi kama hizi za Intel mna anwani ya kadi ya mtandao, ambayo haitakiwi kuwa ya mashine mbili duniani. Kwa mtandao wa zahanati, mapokezi na dawa zilikuwa mtu mmoja aliyeko vyumba viwili.

Nimemweleza muuguzi. Ameuliza, "Kwa hiyo hatukuwa na ubaya wowote, mimi na mwenzangu?" Hapakuwa na ubaya wowote.

Kazi imechukua sehemu kubwa ya siku, nami nimeifanya bila haraka. Nimetoa waya wa umeme, nimetoa betri ya saa, nimebana swichi kumaliza umeme uliobaki ndani. Nimeshika chipu kwa klipu ya miguu minane, nikaiunganisha na CH341A, kifaa cha kusomea na kuandikia chipu. Vifaa hivi ni rahisi kupatikana na vinafaa, ila vile vyeusi vingi hutoa volti 5 kwenye nyaya za data, ilhali chipu nyingi za namna hii zinataka 3.3. Changu nilikwisha kukirekebisha kwa waya na kukipima. Anayekinunua akipime kabla hajakigusisha na mali ya mtu.

Kisha kusoma. Unasoma chipu yote hadi mwisho, unahifadhi faili, unasoma tena upya, unalinganisha mafaili mawili. Yakitofautiana hata kwa herufi moja, klipu haijashika vizuri na hakuna kuandika. Mara ya kwanza yametofautiana, kwa kuwa mguu mmoja wa chipu ulikuwa na kutu nyembamba. Nimeusafisha, nimeshika tena, yamelingana. Faili hilo, pamoja na ubovu wake, nimelihifadhi vilevile. Hiyo ndiyo kanuni ninayomfundisha kijana kuliko zote: ulichokikuta kina nakala kabla hujaweka chako. Fundi aliyetangulia angehifadhi faili la asili la mashine ya dawa, hata likiwa limeharibika mahali fulani, namba zake zingekuwemo. Sasa zimepotea, imebaki stika.

Stika imetosha kwa mambo mawili. Namba ya mashine imeandikwa pale, na anwani ya mtandao nimeikuta kwenye karatasi ndogo pembeni mwa soketi ya kebo, vumbi tupu lakini inasomeka. Nimeitafuta sehemu ya kadi ya mtandao ndani ya faili, nimeweka anwani yake yenyewe, kisha nikarekebisha hesabu ya uhakiki, kwa sababu maneno 64 ya mwanzo ya sehemu hiyo yakijumlishwa lazima yatoe BABA kwa namba za kikompyuta, yasipotoa kadi inakataliwa. Kijana amejumlisha mwenyewe hadi ikatoka. Leseni ya Windows haina stika. Hiyo hatuipati, na nimeiandika kwenye risiti kama hasara ili zahanati wajue wamepungukiwa nini na kwa sababu gani.

UPS imejaa. Nimeandika, nimesoma tena nilichoandika, nimelinganisha. Mashine imewaka ikiwa na namba yake.

Jumatatu

Mvua imepungua. Nimekwenda Mkinga kwa daladala, kompyuta mapajani.

Mapokezi imewashwa, dawa imewashwa, kebo ya zamani imerudishwa maana haikuwa na kosa. Zimekaa pamoja mtandaoni asubuhi nzima. Muuguzi na mwenzake wameniita nile wali na samaki wa kupaka, nimekula.

Nimewaachia flashi yenye faili la chipu ya dawa, tarehe na jina la mashine vikiwa kwenye jina la faili, na nimemwomba mganga aiweke pamoja na daftari la vifaa. Ameuliza kwa nini ya mapokezi hamna. Kwa sababu inafanya kazi na wagonjwa wako mbele yake. Tumekubaliana Jumatano saa kumi, wakishafunga, nirudi na klipu nisome na hiyo.